Mawaziri kwa Penseli

Saa kumi na moja alfajiri Tukuyu haina mlima.
Rungwe umevuta blanketi mpaka puani,
na mvua, ile isiyo na haraka, inahesabu mabati.
Mimi nahesabu wizara.

Daftari langu nimelivika kipande cha kiroba cha mbolea,
maandishi nikayageuzia ndani,
lionekane jeupe, la kiofisi.
Kurasa nimezigawa kwa rula:
Kitaifa. Kimataifa. Takwimu. Waliofariki.
Vimo vya milima naandika kwa wino.
Waliofariki, kwa wino.
Mawaziri nawaandika kwa penseli.
Nimejifunza. Usiku mmoja nililala wakiwa hivi,
nikaamka wakiwa vile,
na kifutio changu kikabaki kama jino la mtoto.

Gwamaka hunitumia maswali kabla hajaenda kukama:
"Mfumuko wa bei, asilimia ngapi?
Katibu mkuu mpya wa wapi vile, jina lake la katikati?"
Namjibu nimeinamia jiko la mkaa,
jicho moja lina moshi, jingine lina simu.
Tusekile yeye hukariri kikwaya.
Bajeti ameipa sauti ya tatu,
trilioni zinapanda, zinashuka,
amina.

Ambwene aliacha.
Alisema: miaka sita naijua dunia,
dunia haijanijua hata jina.
Siku hizi anapakia maparachichi kwenye kreti,
na tukikutana huniamkia kwa kejeli yenye upendo,
"Mtumishi mtarajiwa, habari za leo?"
Nami, mjinga, namsomea.

Saa mbili usiku namsomea mama pia,
redio yake ilishaliwa na unyevu.
Anamenya ndizi, anasikiliza vita, uchaguzi, dola,
anazisikitikia nchi asizozijua
kama anavyomsikitikia jirani mwenye homa.
Kisha anauliza:
"Na daraja letu?"
Daraja gani?
"La magogo. Lililobebwa na maji Jumanne. Halimo?"
Napekua Kitaifa. Napekua, sijui kwa nini, Kimataifa.
Halimo, mama.
"Basi hao wanaoandika hawavuki."

Usaili ulikuwa Mbeya, kwenye ukumbi wenye mwangwi.
Nafasi kumi na mbili. Sisi, elfu moja mia nne na tisa.
Kalamu zilitoa sauti ya siafu kwenye majani makavu.
La kwanza nililijua. La pili nililijua mpaka tarehe.
Waziri aliyeulizwa alikuwa bado yupo, nikamshukuru.
Kisha swali la thelathini na moja:
*Taja kirutubisho kikuu katika mbolea ya kukuzia.*

Nikatazama dari.
Nikaziona shingo za wenzangu, watoto wa wakulima,
zote zimetazama dari.
Niliandika "chumvi". Nikafuta. Niliandika "rutuba".

Jibu nililiona jioni, nimevua viatu,
limechapwa kwa herufi za bluu
upande ule wa kiroba niliougeuzia ndani.
Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini.
Kisha hakucheka.
Akasema, "Na mimi ndiye niliyekibeba kichwani."

Matokeo yametoka. Jina langu wamelihifadhi kwenye kanzidata:
neno zuri sana la kusema subiri.
Gwamaka naye kanzidata. Tusekile hayumo popote,
ila Jumapili aliimba sauti ile ile, maneno mengine.

Leo nimepiga mstari wa tano. Kwetu.
Nimeandika: daraja la magogo, Jumanne ya mvua kubwa.
Wanafunzi wa darasa la pili wanavushwa mgongoni,
asubuhi na mchana,
na Ambwene, asiyesoma habari.

Nimeandika kwa penseli, nipate kulifuta likijengwa.
Kifutio kipya nilinunua siku ile ile, shilingi mia mbili.
Bado kiko kwenye nailoni yake.