Mlango wa Chumba Namba Nne

Nyuma ya nyumba yangu hapa Magomeni, Mtwara,
kuna mlango umesimama bila ukuta.
Marehemu Mfaume aliung'oa kwa mkono wake
mwaka ule wa gesi, vyumba vilipopanda bei
na kila mwenye bati akajiita tajiri.
Mpangaji alikuwa mama mmoja, muuza ming'oko.
Alilala siku tatu nyuma ya kanga
akihesabu nyayo za wapita njia.
Siku ya nne akaondoka.
Hakulipa. Mlango nao haukulipa.
Mchwa peke yao ndio waliopata chao.

Sasa ni zamu yangu kudai.

Chumba kile kile, mlango wa pili.
Dadi Nakumbya, mpakizi wa magunia ghalani.
Miezi minne, elfu thelathini na tano kila mmoja,
na kila mwezi neno lile lile:
"Mama Somoe, mnada haujajibu."

Mimi nami nadaiwa. Vikoba hawajui mnada.
Jumamosi wanakaa duara, kisanduku katikati,
na jina langu likifika linatamkwa polepole.

Ushauri ulikuja bila kuitwa, kama kuku wa jirani.
Shemeji Likwata: kata umeme, atanyooka.
Mwenye duka: mwaga vyombo vyake uani, aone haya.
Mwingine akaninong'oneza jina la mtu wa Nanyamba
anayejua kumnyima mdaiwa usingizi.
Nikamwambia, asiyelala ni mimi.

Nilimwendea Dadi asubuhi, mtoto wake hajaamka,
maana deni likidaiwa usiku hugeuka matusi,
na likidaiwa mbele ya mtoto halisahauliki.
Nilibeba daftari na kigoda changu.
Sikusema, "Utanilipa lini?"
Nilisema, "Unaweza ngapi?"
Akatazama viganja vyake kwa muda mrefu
kana kwamba kiasi kimeandikwa humo.
"Kumi. Kila Ijumaa."
Tukaandika. Mjumbe, Bi Tabia, akatia sahihi
kwa miwani ya kuniazima.

Ijumaa mbili alileta.
Ya tatu alipita dirishani kwangu
viatu mkononi.

Hapo ndipo nilipoandika barua.
Siku thelathini, nikaandika. Tafadhali, nikaandika,
nikaifuta Tafadhali,
nikairudisha.
Nakala moja kwake, moja kwa mjumbe,
moja chini ya godoro, kwa ajili ya baraza la kata
ikibidi. Bawaba sikuzigusa.
Umeme uliwaka. Mkewe, Asumini, aliendelea kuteka maji
tukisalimiana kwa sauti za watu waliofiwa.

Siku ya ishirini na nane alibisha hodi.
Elfu tisini, noti za msimu wa korosho,
zinanuka gunia.
"Nyingine zitakuja. Tunahamia Newala, kwa mama yake."
Chumba alikuwa amekifagia. Balbu aliiacha.
Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia.
Nikijumlisha na mwezi ule wa barua,
ilibaki sitini na tano.

Jana amekuja mpangaji mpya, Hashimu, fundi cherehani.
Ameugonga mlango wa namba nne kwa kidole
kama mtu anayenunua chungu.
"Mzima," amesema.
Nimempa karatasi kwanza, ufunguo baadaye.
Nimemwambia: siku ukikwama, nitafute
kabla sijakutafuta.
Amecheka. Wote hucheka wakati huo.

Simu yangu hulia Ijumaa nyingine, si zote.
Elfu tano, kutoka Newala, bila salamu.
Nafungua daftari, ukurasa wa Dadi,
nakata, naandika: hamsini na tano.

Mlango ule wa nyuma nimeupasua jioni hii.
Kuni zake zilikuwa nyepesi mno,
zimeteketea maharage hayajachemka.