Mia Sita Thelathini na Nane

Kompyuta tatu zilishuka na treni ya Jumatano,
maboksi yamevishwa magunia kama wagonjwa wa homa.
Lugwisha alizipangusa kwa kanga yangu,
maana dasta ya ofisi ilishageuka udongo.
Tabora, Agosti: vumbi halina adabu,
linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa.

Nilimwangalia tu.
Miaka ishirini na sita nimezilisha droo hizi kadi,
moja moja, kwa taipu yenye herufi g iliyokatika mkia.
Najua kila droo inavyolia.
Ya historia hukwama, ya dini huteleza,
ya kilimo lazima uipige goti.

"Mama Mwashi, wewe soma, mimi niandike."
Tukaanza. Jina la kitabu. Mwandishi. Namba.
Nikasoma: *Faini, chupa mbili za asali, imepokelewa.*
Akasimamisha vidole. "Hapa panataka tarakimu."
Nikasoma: *Kimerudi kinanuka moshi wa bani la tumbaku,
kianikwe siku tatu.*
"Hakuna nafasi ya harufu, mama."
*Asiazimwe tena huyu, hukata picha.*
Akacheka, akatafuta pa kuandika maoni,
na umeme ukakatika.

Tukabaki na vioo vitatu vyeusi, sura zetu ndani yake.
Mungu anisamehe, nilifurahi.
Nikaipiga goti droo ya kilimo
nikamhudumia mwanafunzi wa Milambo kwa mwanga wa dirisha.

Wiki ya tatu Lugwisha akanivutia kiti.
"Andika neno lolote."
Nikaandika *nyuki*. Nilitaka kuikomoa.
Jibu lake nilikuwa nalo tangu zamani:
nilishampa Sizya Kapaya, mwaka ule wa mvua nyingi,
alipokuja kutoka Ipole kwa baiskeli,
matope mpaka kwenye kofia,
kuulizia kitabu cha mizinga ya mbao alichosikia tunacho.
Nilipekua kadi mara mbili mbele ya macho yake.
Hakipo, baba.
Akashukuru.
Akanywa maji ya bomba la nje, akageuza baiskeli.

Mashine haikupekua.
Kitabu kimoja. Nakala moja. Kipo rafuni.
Mia sita themanini na tatu.

Nikaenda mwenyewe.
Huko ni kwa makufuli na bunduki,
na katikati yao kilikuwa kimekaa miaka kumi na tisa
kama mtu aliyeingia msiba usio wake
akaona aibu kuondoka.
Kurasa zilikuwa bado zimeshikana.
Nikatoa kadi yake: *Ufugaji*, na ile g isiyo na mkia.
Taipu yangu. Kidole changu.
Tatu na nane walipishana mlangoni
na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mlango.

Lugwisha alijifanya anafunga waya.
Kijana ana malezi.
"Nirekebishe?"
Namba rekebisha, nikamwambia.
Ila pale pa maoni andika:
*Kiliulizwa. Tulisema hakipo.*
"Niandike alisema nani?"
Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi,
kama anayejaza fomu ya hospitali.

Mfumo unadai namba ya simu ya msomaji.
Sizya aliniachia sanduku la posta tu,
la shule ya msingi, kwa penseli,
nyuma ya kadi ambayo kesho ilikuwa ichomwe.
Nimeitia kwenye pochi.
Hizo nyingine nazo nimemwomba Lugwisha asubiri;
amesema kiberiti hata hivyo hana.

Jumamosi nina ruhusa, nakwenda Ipole.
Kama hayupo, watakuwepo wanawe, au mizinga yake.
Kitabu kimegongwa muhuri.
Tarehe ya kurudisha nilitaka ibaki wazi
lakini mashine ilikataa, ikawa nyekundu.
Lugwisha akakuna kichwa,
akaiandikia mwaka elfu mbili tisini na tisa.
Ikakubali.