Nne Nukta Sita

Duka letu liko Kizota, nyuma ya mizani ya vyuma chakavu.
Upepo wa Agosti huingiza vumbi
hadi ndani ya makopo ya nati.
Kabla mteja wa kwanza hajafika nasugua vichwa vya bolti,
brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo,
mpaka kila kimoja kitaje daraja lake.

Fundi Madeje ndiye aliyenifundisha kusoma huku,
tochi ya simu mdomoni, maneno yakimtoka kwa pembeni:
"Nane nukta nane. Nane ya kwanza, Mbeleje, ni nguvu ya kuvutwa,
nyutoni mia nane kila milimita ya mraba
ndipo ikatike.
Nane ya pili ni subira yake:
nane kwa kumi ya nguvu hiyo itanyooka na kurudi ilivyokuwa.
Ukipita hapo inarefuka moja kwa moja,
wala haikuambii."

Kumi nukta tisa, ya chasisi na springi za malori.
Kumi na mbili nukta tisa, nyeusi, tundu la pembe sita kichwani.
Za inchi, zilizochomolewa kwenye matrekta ya zamani ya Kongwa,
hazina tarakimu, zina mistari kama miale ya jua la mtoto:
hesabu mistari, ongeza mbili,
mitatu ni daraja la tano, sita ni la nane,
usiulize kwa nini.
Na kipara, kichwa laini kama kokoto?
"Hicho hakijasema kitu.
Asiyesema jina lake usimtwishe mzigo."

Nikajua. Umeme ukikatika
nilisoma kwa kidole gumba, na sikukosea.

Akaja Bwana Chilongani wa Kibaigwa,
mwenye mashine ya kupukuchua mahindi,
akaweka vipande viwili vya bolti juu ya kaunta.
"Ya tatu wiki hii. Magunia yananisubiri."
Nikasugua kichwa: nne nukta sita.
Nikacheka! Nani kakuuzia udongo huu?
Nikampa kumi nukta tisa, unene uleule, urefu uleule.
Hii, nikamwambia, wajukuu wako watairithi.
Alilipa, akaniachia kifuko cha zabibu,
nikala zote kabla ya adhuhuri.

Siku ya nne alirudi. Hakusalimu.
Kaunta ileile, akamwaga meno ya gia,
moja kubwa kuliko gumba langu.
Jiwe lilipita na mahindi, akasema.
Shafti ikakwama, injini haikukwama,
na bolti ilishika.
Ilishika, dada. Ilishika kama ulivyoahidi.

Madeje hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi.
Aliinama kwenye kopo la chini kabisa, lile la kutu,
akahesabu nne nukta sita thelathini, akazifunga kwenye gazeti.
"Hii imewekwa pale ife," akamwambia mteja, akinitazama mimi.
"Shilingi mia tano ife, gia ya laki tisa ipone."
Kisha akafungua daftari la mishahara.
Miezi mitano.

Sasa kopo lile liko usawa wa macho.
Nimeliandika kwa chaki: ZA KUKATIKA.
Juzi kijana mmoja kauliza, "Kumbe mnauza na mbovu?"
Nilimwuliza kwanza anakwenda kuifunga wapi.
Akaona namchunguza, akaondoka.

Ile kumi nukta tisa Chilongani aliiacha.
Haina mkwaruzo. Uzi wake mzima, weusi wake mzima.
Jioni, nikijumlisha mauzo, napitisha gumba kichwani mwake:
kumi, nukta, tisa.
Haikunidanganya hata mara moja.