Matofali ya Gari la Baba

Saa kumi usiku, Matamba,
kazi yangu ilikuwa kufukua majivu
na kuyatoa matofali mawili kwa koleo,
moja la mguu wa kulia, moja la kushoto,
niyafunge kwa gunia la viazi
kabla hayajaanza kusahau moto.

Landrova ile haikuwa na hita.
Ilikuwa na tundu tu, pale hita ilipokaa zamani,
na tundu hilo lilivuta Juni nzima
na kuimwaga magotini.
Baba aliliziba kwa soksi. Soksi ikaganda.
Mbele ya rejeta alifunga boksi la sabuni
injini isipate mafua,
na kioo alikisugua kwa kiazi kilichokatwa
kisishike ukungu. Viazi hatukukosa.

“Usiyachome sana,” alisema, “yatatoboa gunia.
Usiyaonee huruma pia. Nina kona hamsini na saba.”

Kona ya ishirini, tofali bado lina hasira.
Ya arobaini, limekuwa kama mkono wa mgeni.
Ya hamsini ni jiwe tu,
na hapo Usangu inaanza kukupumulia usoni,
Osea utingo anavua koti la kwanza,
la pili,
sweta la dada yake,
hadi Chimala anashuka na singlendi
kama kitu kilichomenywa.

Chimala nako jua halina adabu.
Paa la gari lilikaanga vichwa.
Ndipo matofali yaleyale
yakatumbukizwa mtoni, yakanywa,
yakanywa mpaka yakaacha kutoa mapovu,
yakarudi chini ya miguu na gunia linalochuruzika,
na lile tundu, sasa bila soksi,
likayapuliza hadi vidole vikafa ganzi.

Baba aliyaita jiko akishuka, friji akipanda.
Jiko jingine hakutaka kulisikia.
Yohanesi Mahenge alipakia la kweli, la mkaa,
akafunga vioo kona ya thelathini
asubiri ukungu upite.
Ukungu ulipita.
Walimkuta amekaa vizuri, kofia kichwani,
na mkaa umeshakuwa mweupe.
Baba hakusimulia. Siku ile alishusha vioo vyote
akaendesha hivyo hadi nyumbani, meno yakigongana.

Sasa niseme la ndani.
Tofali linalotoka motoni likaenda majini
likarudi motoni, halizeeki. Linapasuka.
Lilipasuka moja kila wiki, wakati mwingine mawili,
na baba, ambaye pesa yake yote ilikuwa dizeli,
hakwenda kwa mfyatuaji.
Alikwenda ukutani.
Ukuta wa jiko la mama, upande wa mlimani:
moja juu ya kinu,
moja karibu na chungu cha maji,
moja pale kuku alipopenda kuatamia.

Mama aliyahesabu matundu kimya, kama anayedai.
“Kwa hiyo gari lako linavaa nyumba yangu.”
Hakukosea. Kila joto lililoteremka Chimala
lilituachia upepo wake huku juu,
ukizima koroboi, ukigeuza kurasa za daftari langu
kabla sijamaliza kusoma.

Mwezi wa saba akatoka usiku, peke yake,
akafungua boneti,
akalichukua boksi la sabuni
na koti la pili la Osea,
akaziba alipoweza.

Alfajiri Landrova ikakohoa, ikakataa.
Mimi nilikuwa nimeshayachomoa matofali, mekundu pembeni,
nimesimama nayo uani juu ya sakitu,
moshi wa gunia ukinipanda puani,
sijui nimpelekee nani.
Mama alinyoosha kidole.
Matundu mawili yalikuwa yamebaki.

Nikayachomeka.

Baba aliingia, akanywa uji
mgongo ameuegemeza ukutani,
viatu amevua,
na hakuna aliyemwambia ahame.