Daftari la Mweka Hazina

Jumamosi ya tatu, Ngara, mvua ya rasharasha.
Tumefunga turubai la kukodi
mbele ya zahanati ya zamani, ile ya mawe ya kijivu.
Mwaka wake umechongwa juu ya mlango, 1931,
ila ile tatu imemeguka
kama jino lililong'oka katikati ya cheko.

Mimi ni mweka hazina.
Vyangu ni meza, kopo la maziwa ya unga
lenye tundu kifunikoni, na daftari hili
linaloanza hivi: Paa, laki tisa.
Kenchi zimeliwa na mchwa, vigae vimeteleza,
na njiwa wamehamia bila kulipa kodi.

Balwinder Sagoo kaleta mabeseni mawili ya bajia.
Zimekwisha kabla ya hotuba.
Mutunge anawatembeza watu mitaani, mia mbili kila kichwa,
anawaonyesha roshani, nakshi za mbao,
choo cha ndoo ambacho sasa ni kibanda cha kuchaji simu.
Anaongopa kidogo kuhusu tarehe.
Nimemkanya. Kanijibu: ukweli mtupu haujazi kopo.

Kigae kimoja, shilingi elfu.
Ukinunua tunaandika jina lako kwa rangi nyeupe
upande wa chini, usioonekana.
Nani atalisoma? wanauliza.
Nasema, njiwa. Wanacheka, wanatoa.
Mtoto mmoja kaandikisha jina la paka wake.
Mwakilishi wa wadi kaahidi vigae mia.
Hiyo nimeiandika kwa penseli.

Saa tisa hivi akaja Peninah Kavulani,
sweta ya kijani, viatu vya mpira.
Hakununua chochote. Picha zetu zilizobanwa kambani kwa vibanio vya nguo,
daktari, gari lake, mbwa wake,
alizipita kama mtu anayepita nguo za jirani.
Akaniuliza: Dirisha la nyuma lipo?

La nyuma?
Kwenye mchoro wa msanifu, nyuma ni ukuta,
na neno moja dogo, kuziba.
Tukazunguka, tukasukuma magugu, mabati chakavu.
Lilikuwepo. Finyu, la usawa wa kifua,
na ukingo wake wa jiwe umelika mashimo mawili,
laini, kama sahani za mtoto.

Akaweka viwiko. Viliingia.

"Mbele hatukuruhusiwa.
Nilifika hapa mgongoni kwa mama,
kisha nikawa wa kushika kanga yake,
kisha viwiko vyangu vikafikia.
Chupa ya dawa tulikuja nayo wenyewe."

Hatuna hata picha moja iliyopigwa upande huu.

Kamati tuko saba. Tulibishana papo hapo, magugu magotini.
Msanifu alisema maji yatapenya.
Balwinder alisema yapenye.
"Jiwe hili babu yangu alilichonga bapa.
Mashimo si kazi yake."
Tukapiga kura. Nne kwa tatu, dirisha libaki,
na wale watatu hawajatuaga walipoondoka.

Peninah akafungua fundo la leso:
mia tatu, noti zilizokunjwa mara nne.
Nikamwambia kigae ni elfu, lakini kwake yeye...
Akanikata kauli.
"Sitaki kigae. Chini ya paa hilo
sikuwahi kusimama."

Usiku huu nahesabu mezani kwangu.
Elfu sabini na moja na mia nne,
kifungo cha shati, sarafu moja ya Uganda.
Haba na haba, wanasema. Kibaba chetu kinavuja.
Daftari lilikuwa na safu mbili, Paa na Chai.
Nimechukua rula, nimepiga mstari mwingine,
nimeandika juu yake Dirisha,
na chini yake, mia tatu.
Kwa wino.