Zambarau

Shangazi Delfina alipofariki, binamu zangu waligawana
nyumba ya Ivrea, sahani, saa ya ukutani isiyotembea.
Kufa kufaana. Mimi nikapewa bahasha ya kaki,
na ndani yake kalamu ya wino, kijani cha chupa,
nzito kuliko nilivyodhani,
kifuniko kina alama za meno.

Jina lake lilikuwa limeliwa na kidole gumba,
miaka arobaini ya kidole kilekile, mahali palepale.
Zimebaki herufi nne, BENA, au ni RENA,
namba saba kwenye ncha,
na nyota ambayo labda ni nyota, labda ni mkwaruzo.

Nilianza kwa kiburi cha mwenye haraka.
Nikanunua katriji fupi karibu na stesheni:
ikacheza ndani kama jino bovu.
Nikanunua ndefu: kalamu ikagoma kufunga.
Nikanunua za Kijapani, ghali, zenye kigololi shingoni.
Muuzaji aliapa. Hazikuingia.
Droo yangu ya jikoni sasa ina wino wa kuandikia talaka kumi,
na kalamu bado ina kiu.

Fundi Gualtiero Prono ana chumba nyuma ya soko la Porta Palazzo,
upana wake ni yeye na kiti.
Aliitikisa sikioni. Akaisugua kwenye sweta, akainusa.
"Kafuri," akasema. "Hii ina umri wa mama yangu."
Akazungusha kitako, ambacho mimi niliapa hakifunguki,
kikatokea kitufe cha shaba, kama punje ya dengu.

"Bi Ermelinda, unamtafutia nyama mtoto anayenyonya.
Hii haili katriji. Inakunywa.
Unaizamisha ncha chupani, unabonyeza, unaachia,
unahesabu hadi kumi. Basi."

Na jina?

"Verbena. Karakana ya watu sita, kule Settimo.
Usitafute sanduku lake. Hawakuwahi kuwa na sanduku."

Kifuko cha mpira ndani kilikuwa kimekauka kama ganda la kitunguu.
Kipya: euro thelathini na mbili, Alhamisi.
Ila kwanza iogeshwe.

Akaisimamisha ncha kwenye glasi ya maji.
Redio ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.
Torino walikuwa wamefungwa, tukasikitika kidogo,
kisha uzi mmoja ukashuka kutoka kwenye ncha,
ukajikunja, ukatanuka,
zambarau.

Ninazo kadi zake zote. Ishirini na tisa za Krismasi,
moja ya rambirambi baba alipokufa,
na hesabu za mafuta na sabuni nyuma ya tiketi,
za enzi zake akiwa karani wa tramu.
Zote ni buluu. Buluu ya leja, buluu ya mihuri,
buluu ya mwanamke ambaye hakuolewa
na ambaye tuliwahi mno kumaliza kumjua.

Zambarau alimwandikia nani?

Fundi alinyoosha mkono ayamwage.
Nikasema, ngoja.
Akanitazama, hakuuliza,
akanisuuzia chupa ya dawa ya kikohozi.

Ijumaa nilikwenda nayo dukani, nikaiinua dirishani
kando ya chupa za wino, moja baada ya nyingine:
hii nyekundu mno, hii ya kanisani, hii ya watoto.
Ya tisa ilikaribia. Haikulingana.
Nikaichukua.

Nimeandika: vitunguu, sabuni ya unga, bili ya gesi.
Nikiandika nilivyofundishwa, ncha inakwaruza,
inalalamika, inatoboa karatasi.
Imesagika upande mmoja, kwa mshazari usio wangu.
Lakini nikikunja kifundo cha mkono kuelekea kushoto,
bega likiwa juu kidogo,
kama mtu anayeziba ukurasa mlango unapofunguliwa,
inateleza.