Usiende Shamba Jingine

Boston hii si ile ya Marekani.
Hii ni ya Lincolnshire, nchi tambarare kama sinia,
ukisimama juu ya ndoo
unaona mpaka kesho kutwa.

Saa kumi na nusu alfajiri mama mkwe ananifunga skafu
kana kwamba mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake
na si yule tuliyemzika Novemba,
Mwakio wake, Mwakio wangu,
katika udongo mgumu hata mchimbaji akatukana,
kisha akatuomba radhi.

Miaka ishirini na sita aliuguza watu katika hospitali ya hapa.
Magoti yake yamebaki huko.
Sasa anasoma kwa kioo cha kukuzia herufi
kisa kilekile cha wajane watatu,
nami nilikuwa nikimcheka: Mama, hadithi hiyo huijui bado?
"Naijua. Natazama kama nayo inanijua."

Jumapili moja akaweka kidole
pale ambapo mhubiri hupita mbio akiwahi harusi.
Hapana shayiri pale, wala tajiri mwenye shamba.
Ni bibi kizee tu anamwambia kijana asihame,
abaki na wasichana aliowazoea. Mstari mmoja.
"Huyu," akasema, "aliwajua wanaume wa mashambani."
Na kwa kuwa shuleni Wesu alifunzwa tenzi
na mwalimu mkali kutoka pwani,
akanitungia zake, kijiko kikigonga meza:

    Mwanangu lishike neno
    usifuate vinono
    mshahara wa maneno
    haulipi kodi yako.

    Usije ukawaacha
    wenzako, hata kukicha
    Mungu hakosi kuficha
    mbawani mwa wenza wako.

Nilisema ndiyo,
ndiyo ile tunayomwambia daktari.

Januari. Koliflawa zimevaa barafu,
kisu kimegandana na glavu.
Tulikuwa tukisubiri gari letu nje ya duka kubwa,
Stoyanka, Danute na mimi,
kila mmoja na lugha yake na mvuke wake,
likasimama jingine, jeupe, lisilo na jina ubavuni.
Mtu akatoa kichwa na tabasamu la kukodi.
Kuchuma maua, Spalding. Pauni tano zaidi kwa saa,
taslimu. Njoo tu na pasipoti
nikutolee kopi.

Pauni tano kwa saa!
Niliona bili ya gesi ikilipwa,
nikaona jiwe juu ya Mwakio, ambaye hadi leo
ana kibao cha mbao chenye herufi iliyokosewa.
Mguu wangu mmoja ulikuwa umekwisha kuamua.
Danute akanishika koti,
si kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto
kabla hamjavuka barabara.
Nikasikia kijiko mezani.
Nikarudisha mguu.

Malaika sikumwona.
Gari halikupinduka, gazeti halikuandika neno.
Ila mwezi wa tatu, Ilinka,
msichana aliyepanda nafasi niliyoikataa,
alirudi usiku bila koti, bila pasipoti,
na hakutaka kusema alikuwa akilala wapi.
Mama mkwe akampa supu.
Akamfunga skafu, ile yangu.

Mimi nilijifungia chooni nikafungua bomba
ili maji yalie kwa sauti kunishinda.
Mbawa zile zina nafasi ya wangapi?
Na huyu, nani alimwekea kidole
kwenye mstari wake?

Nilipotoka nikamuuliza Mama, maneno hayohayo.
Alifuta kioo kwa pindo la gauni, akakiinua kwenye taa,
akakifuta tena.
"Sijui, Wakesho," akasema.
"Tandika kitanda cha tatu."